Kijitabu, Rais na Mkusanyaji: Nani Mhakiki wa Kwanza?

Utangulizi

Ukimwambia mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ataje tanzu anazozijua, atakutajia riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi, halafu atageukia fasihi simulizi na kuanza kuhesabu vidole vya mkono wa pili. Kijitabu hatakitaja. Si kosa lake. Sisi tuliomtangulia darasani nasi hatukukitaja. Kijitabu kwetu ni karatasi ya siasa: kinatolewa, kinasomwa mkutanoni, basi kazi yake imekwisha. Kikibahatika kinaingia maktaba. Kisipobahatika kinafungia karanga.

Makala haya yanapinga mazoea hayo kupitia kwa mtu mmoja ambaye wahakiki humwona kama mwokota vumbi tu, yaani msomi anayetumia maisha yake kukusanya vijitabu vinavyomhusu rais. Nadai kwamba mtu huyu ni mhakiki, tena mhakiki wa kwanza, maana yeye ndiye anayeamua kabla yetu kipi kitabaki cha kuhakikiwa. Na kama ni mhakiki, tunayo haki ya kumwuliza yale tunayomwuliza mhakiki yeyote. Umechagua kwa kipimo gani? Umeacha nini? Unamkusanyia nani?

Naandika nikiwa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichoko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini, ukishaipita Gombe. Ukisogea kidogo tu umeingia Burundi. Nalitaja hilo kwa sababu mahali anaposimama msomaji ndipo anapoonea upungufu wa kazi. Aliye Mlimani, karibu na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sehemu yake ya East Africana, ataona vijitabu vimekusanywa, na atashukuru. Aliye Kagunga, ambako kwa miaka mingi kila karatasi ilishuka kwenye boti pamoja na sukari na sabuni, ataona nani hakukusanywa.

Lincoln na wahubiri wasiojulikana

Tuanzie mbali kidogo, maana huko kazi hii imefanywa kwa bidii kubwa mno. Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, siku ya Ijumaa Kuu, akafariki asubuhi iliyofuata. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Wahubiri waliokuwa wamekwisha kuandaa mahubiri ya ufufuko ikawabidi wapande mimbarini na maneno mapya, na mahubiri ya siku zile na wiki zilizofuata yalichapwa kwa mamia kuwa vijitabu vya kurasa chache. Kifani, mengi ni ya kawaida tu. Mhubiri huyu anamlinganisha marehemu na Musa aliyeiona nchi ya ahadi asiingie. Na yule wa mji wa pili, bila kumsikia mwenzake, naye anamtumia Musa yule yule.

Sasa ni nani angehangaika na karatasi kama hizo? Walikuwapo watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijulikana wakusanyaji wakubwa watano wa mambo ya Lincoln: Daniel Fish, William Lambert, Charles McLellan, Joseph Oakleaf na Judd Stewart. Fish, mwanasheria wa Minneapolis, alitoa orodha ya vitabu na vijitabu hivyo mwaka 1906. Lambert alifariki mwaka 1912, na miaka miwili baadaye vitu vyake vikapigwa mnada vikatawanyika. Mkusanyiko wa McLellan ulinunuliwa mwaka 1923 kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Brown, ukabaki pamoja. Kisha Jay Monaghan, kati ya 1943 na 1945, akatoa orodha ya juzuu mbili yenye maandishi karibu 4,000 yaliyochapwa kati ya 1839 na 1939. Karne nzima ya kusema juu ya mtu mmoja. Si mchezo!

Mimi sivutiwi sana na idadi. Linalonivuta ni kwamba watu hawa hawakuchagua kwa kipimo cha uzuri. Laiti wangechagua yaliyoandikwa vizuri tu, tungebaki na hotuba za Lincoln mwenyewe na tenzi chache za maombolezo, tukaamini kwamba taifa lote lilimpenda tangu mwanzo. Kwa kuwa waliokota na yale ya mhubiri asiyejulikana wa mji mdogo, leo twaweza kuona jinsi mwanasiasa aliyetukanwa na wengi, hata na wa chama chake, alivyogeuzwa shahidi ndani ya siku chache. Twamwona Musa yule akirudiwarudiwa, tukajua kwamba hilo halikuwa wazo la mtu mmoja bali lilikuwa lugha ya watu. Marudio yanayomchosha msomaji wa riwaya, kwa msomaji wa vijitabu ndiyo ushahidi wenyewe.

Muoria na Kenyatta kabla ya urais

Turudi Afrika Mashariki. Nchini Kenya kuna kisa kinachotufundisha jambo la pili, kwamba kijitabu chaweza kumtangulia rais.

Henry Muoria alizaliwa mwaka 1914, akafanya kazi ya reli, na mwaka 1945 akaanzisha gazeti la Mumenyereri kwa lugha ya Kigikuyu. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, Muoria alianza kuandika vijitabu juu yake. Kimoja, cha mwaka 1947, kiliitwa Kenyatta ni Muigwithania Witu, yaani Kenyatta ni mpatanishi wetu. Tuangalie tarehe. Kenyatta alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1963 na Rais mwaka 1964. Kwa hiyo kijitabu hiki hakimwelezi rais, maana rais hakuwapo. Kinamtunga. Kinamwandaa msomaji amtazame mtu wa kawaida aliyeshuka melini kama mtu wa kufuatwa.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Muoria alikuwa London. Gazeti lake likafungwa. Naye akabaki huko huko, akafanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi, hadi alipofariki mwaka 1997. Maandishi yake yalirudi kwa wasomaji kwa ukamilifu zaidi mwaka 2009, binti yake Wangari Muoria-Sal aliposhirikiana na wasomi Bodil Folke Frederiksen, John Lonsdale na Derek Peterson kutoa kitabu chenye maandishi ya Kigikuyu na tafsiri yake ya Kiingereza.

Hapa kipimo cha uchaguzi ni kingine kabisa. Hawa hawakuanza na rais wakatafuta yote yaliyosemwa juu yake. Walianza na mwandishi, mfanyakazi wa reli asiye na shahada, wakauliza alikuwa anafikiri nini. Matokeo yake Kenyatta anaonekana kutoka chini, kwa macho ya aliyesimama katikati ya watu mkutanoni na kalamu yake. Tena lugha yenyewe imeachwa ikae ukurasani. Haikuzikwa chini ya tafsiri. Hilo la lugha tulishike, tutalihitaji tutakapofika kwetu.

Kandoro wa Ujiji

Watu wa Kigoma hatuna haja ya kwenda London kumtafuta mtunza karatasi za siasa. Saadani Abdu Kandoro alizaliwa Ujiji mwaka 1926. Alikuwa mshairi, alishiriki katika harakati za kule Kanda ya Ziwa Viktoria, na alikuwa mmoja wa watu 17 walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1961, mwaka wenyewe wa Uhuru, alitoa kitabu chake Mwito wa Uhuru.

Wahakiki wa fasihi humkumbuka Kandoro kwa Mashairi ya Saadani (1972), na hasa kwa shairi lake la siafu wanaoungana dhidi ya nyoka. Mwito wa Uhuru huachiwa wanahistoria. Nadhani tumekosea. Kitabu kile ni kazi ya mkusanyaji na mtunzi kwa pamoja: mambo ya chama na ushairi vinakaa jirani, na msomaji haombwi aruke kutoka chumba cha historia kwenda chumba cha fasihi. Kwa Kandoro shairi lilikuwa sehemu ya shughuli ya mkutano, kama vile muhtasari na michango. Ukilitoa shairi lile la siafu ukaliweka peke yake kwenye diwani, bado ni zuri, lakini limekuwa yatima. Hujui liliimbwa baada ya nani kusema nini.

Tena Julius Nyerere wa Kandoro ni mmoja kati ya wengi. Hajawa bado "Baba wa Taifa". Anaingia, anasema, wengine nao wanasema. Ukisoma kitabu hiki kabla ya vitabu vya baadaye vya chama, ambavyo ndani yake majina mengine yanazidi kufifia, utaona kwa macho yako jinsi rais anavyokua ukurasani na wenzake wanavyopungua. Haya huyaoni kwa kusoma kitabu kimoja, hata kiwe kizuri vipi. Yataka mtu aliyeviweka vyote viwili kwenye sanduku moja.

-ji- ya Mwalimu

Mpaka hapa nimesema juu ya wakusanyaji. Hebu tuvifungue vijitabu vyenyewe, tuone kama kweli vinastahili jina la fasihi.

Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, kikiwaonya wana TANU wenzake. Maudhui yake yanafahamika: ubinafsi unavunja umoja; watu wanapima neno kwa kumtazama aliyelisema badala ya kulitazama neno lenyewe; wengine wakishapata cheo huona hawana tena la kujifunza; na ukweli haubagui mkubwa na mdogo. Wengi huishia hapo. Mimi naomba tulitazame jina. Tu-ji-sahihish-e. Mtenda ni sisi, mtendwa ni sisi. Msomaji anatafuta adui kwenye jina hilo asimwone. Mkoloni hayumo, beberu hayumo. Rais naye hakusimama nje akinyoosha kidole, kwa sababu ile tu- imemvuta ndani pamoja na katibu wa tawi.

Miaka mitano baadaye ikaja Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa tarehe 5 Februari. Azimio lenyewe lilikuwa juu ya siasa ya ujamaa na kujitegemea. Ile ile -ji-. Kiambishi kidogo cha herufi mbili, ambacho darasani tunakipitia haraka kama kirejeshi basi, kimebeba falsafa ya serikali nzima. Hii ni fani, ndugu msomaji, wala si maudhui peke yake. Na ni fani ambayo huwezi kuihamishia Kiingereza ukabaki nayo, maana kule kirejeshi husimama nje ya kitenzi kama mgeni mlangoni, wakati kwetu kinaishi ndani ya nyumba.

Sasa rukia miaka ya 1990. Nyerere ameng'atuka. Mwaka 1993 Bunge linazozana juu ya serikali ya Tanganyika, naye anaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Sisi bado tumo, lakini tumehama. Tumetoka kwenye mtenda wa Tujisahihishe tukawa wenye mali: uongozi "wetu". Na "wetu" hii ni chungu. Aliyekuwa ndani ya tu- sasa yuko nje ya serikali akiwashitaki waliomo, na msomaji anabaki ameshika kitu ambacho ni chake lakini hakiendeshi. Kati ya 1962 na miaka ile, sarufi ya Mwalimu inasimulia kisa cha kiongozi aliyeanza kwa kuamini kwamba wote tutajisahihisha, akaishia kutaja waliokosea.

Hoja hii isingewezekana kama vijitabu hivi visingewekwa pamoja kwa tarehe zake. Kila kimoja peke yake ni waraka wa siasa. Vikipangwa vinakuwa utungo.

Kutoka Cheche hadi Kavazi

Ni nani basi aliyevipanga kwetu? Wako wengi. Mwaka 1971 Grant Kamenju na Farouk Topan walihariri Mashairi ya Azimio la Arusha, wakayaokoa mashairi ambayo vinginevyo yangekwenda na karatasi zake. Mathias Mnyampala na ngonjera zake za UKUTA alikwisha kuonyesha kwamba siasa yaweza kupandishwa jukwaani. Lakini msomi ambaye maisha yake yanaibeba vizuri zaidi hoja yangu ni Issa Shivji, kwa sababu moja ya ajabu: alianza kwa kumkosoa rais, akaishia kumkusanya.

Wanafunzi wa leo huenda hawajui kwamba jambo hilo lilianzia kwenye jarida la wanafunzi kama hili unalolishika. Cheche lilianza kutoka pale Mlimani mwaka 1969. Lilipigwa taipu kwenye stensili. Halikuwa na picha wala matangazo ya soda. Mwaka 1970 toleo maalumu lilibeba maandishi marefu ya Shivji, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, juu ya mapambano ya kitabaka yaliyonyamaziwa Tanzania. Alidai kwamba kutaifisha kulikofuata Azimio hakukumpa mvuja jasho mamlaka. Warasimu ndio waliokalia kiti, na mtaji wa kigeni ukaendelea kuvuta kamba. Kabla mwaka haujaisha Cheche likafungwa. Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, alikusanya kumbukumbu za jarida hilo katika kitabu cha mwaka 2010.

Miaka ikapita. Mwaka 2008 Shivji akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu. Baadaye akaongoza kuanzishwa kwa Kavazi la Mwalimu Nyerere, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kuhifadhi nyaraka za Mwalimu na za zama zake. Na mwaka 2020 yeye, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata wakatoa wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu, ambao jina lake linayaita maendeleo uasi, na juzuu yake ya tatu, ya Shivji mwenyewe, inazungumza juu ya uasi usio na waasi.

Wako wanaosema, ati mzee amelainika. Aliyempinga kijana, uzeeni anamfagilia kaburi. Mimi nasoma kinyume. Mkusanyaji anayempenda rais tu atatupa karatasi zinazomuumiza. Anayemchukia atatupa zile nzuri. Aliyegombana naye kwa hoja tangu ujanani ana sababu ya kutunza za pande zote mbili, maana bila maneno ya Mwalimu mwenyewe hata ugomvi wake hautaeleweka. Azimio na Cheche ni swali na jibu. Ukitunza moja ukachoma la pili umetunza nusu ya mazungumzo.

Hilo lina uzito zaidi siku hizi ambapo Nyerere anazidi kupandishwa juu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Kanisa Katoliki linafuatilia mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na wanasiasa wa kila upande huapa kwa jina lake. Wahubiri wa Lincoln wamekwisha kutuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Dawa ya kuzuia mtu asigeuzwe sanamu ni kuhifadhi majibizano yake.

Pamoja na sifa hizo nina ugomvi na kazi hii, na ni ugomvi wa mhakiki. Wasifu ule mkubwa ulitoka kwa Kiingereza. Nazijua sababu za soko la vitabu vya kitaaluma. Lakini tulikwisha kuona kwamba nguvu ya vijitabu vile imo ndani ya sarufi ya Kiswahili, na kwamba kitabu cha Muoria kiliweka lugha ya asili ubavuni mwa tafsiri. Mtu aliyeandikiwa Tujisahihishe ni yule aliyekuwa ametoka jana tu kujua kusoma. Je, juzuu tatu za Kiingereza anaandikiwa nani?

Nakala chafu

Ugomvi wangu wa pili ni mkubwa zaidi, nao unanirudisha huku mwambaoni.

Katika sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya Watanzania wazima hawakujua kusoma. Ilipofika 1975, baada ya kampeni za kisomo, waliobaki walikuwa kiasi cha asilimia 39. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja. Maana yake nini kwa mhakiki? Kwamba kijitabu cha zama hizo hakikusomwa kimya kitandani. Mmoja alisoma, kumi walisikia, na wa kumi na moja alibisha. Huku mpakani mwa Uha na Burundi kilisomwa Kiswahili kikabishiwa Kiha. Nusu ya utungo ilikuwa hewani. Mkusanyaji wa Dar es Salaam, kwa uadilifu wake wote, amehifadhi nusu iliyochapwa.

Je, ile nusu ya pili imepotea kabisa? La. Hapa Kagunga jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kuongoza kikundi cha kisomo, anayo nakala ya Elimu ya Kujitegemea. Jalada halipo. Karatasi zimekuwa rangi ya mawese. Nyuma yake pana madeni ya dagaa ya mwaka usiosomeka. Na pembeni, pale panapoelezwa kwamba shule iwe na shamba na wanafunzi wazalishe, kuna maandishi ya penseli: majembe 14, watoto 60. Nilipomwuliza alikuwa na maana gani, alinitazama kama mtu anayeuliza maji ni nini.

"Mwanangu," akasema, "kile kitabu hatukuwa tunakisoma tu. Tulikuwa tunakipigia hesabu."

Sijakutana na uhakiki mfupi wala mzito kuliko ule. Hapingi wazo; mzee huyu bado analisifu. Hakubali tu kwamba wazo limekwisha mpaka majembe yahesabiwe. Maneno manne ya pembeni yanaijibu -ji- ya Mwalimu: tujitegemee, sawa, lakini watoto arobaini na sita watashika nini? Operesheni Kigoma ilikuwa imeanza mwaka 1972, watu wakihamishwa kwenda vijiji vipya. Hesabu kama hiyo ilikuwa ya maisha, wala haikuwa ya kupitisha wakati.

Nakala hii isingepokewa kwenye maktaba nyingi. Wakutubi hutaka iliyo safi, kamili, yenye jalada. Katika maktaba moja, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa kwa fahari kijitabu cha miaka ile ambacho kurasa zake zilikuwa hazijapata kufunguliwa. Nikajiuliza: hiki ni ushahidi wa nini? Ni ushahidi kwamba hakikusomwa. Mimi natetea nakala chafu, yenye mafuta, madeni na hasira za penseli. Kwa mhakiki anayefuata nafasi ya msomaji katika kazi ya fasihi, nakala hiyo ndiyo matini kamili.

Rafiki yangu mmoja, mshabiki wa fani tupu, aliniambia kwamba madeni ya dagaa si fasihi, na kwamba nachanganya uhakiki na umbea wa kijiji. Namjibu hivi. Hakuna anayesema dagaa ni fasihi. Nasema kijitabu ni utanzu ambao lengo lake ni kumfanya msomaji atende. Kwa hiyo alichotenda msomaji nacho, pembeni mwa ukurasa hata shambani, ni sehemu ya kuupimia utanzu huo. Tamthilia tunaipima jukwaani. Kwa nini kijitabu tukipimie kabatini?

Na atakayeona kwamba karatasi za siasa ni jambo la anasa, aje Kagunga. Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi kuanzia 1996 hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 2000 chini ya Nelson Mandela. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka kugombea mara ya tatu, ubishi ulikuwa juu ya maandishi: mkataba unasema vipindi viwili, na wake wa kwanza, ambao alichaguliwa na wabunge, unahesabika au hauhesabiki? Watu wakafa. Makumi ya maelfu wakavuka wakaja kujaa kwenye ufukwe huu mwembamba, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Kila mmoja wao alikuwa amekimbia, pamoja na bunduki, ugomvi wa jinsi ya kusoma kifungu. Ukishauona ufukwe ule umejaa, huwezi tena kusema kwamba kujua karatasi ilisema nini, na watu waliielewaje, ni kazi ya wenye nafasi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mkusanyaji wa vijitabu vinavyomhusu rais ni mhakiki, na kwamba kila mkusanyiko una nadharia yake hata kama mwenyewe hakuiandika. Wa Lincoln walikubali marudio, tukaona jinsi shahidi anavyotengenezwa. Wa Muoria walianza na mwandishi na lugha yake, tukaona rais akitungwa kabla hajawa rais. Kandoro aliliacha shairi mkutanoni. Shivji na wenzake wamemweka Mwalimu pamoja na wapinzani wake, nao wanastahili shukrani zetu.

Kilichobaki hakiwezi kufanywa na mzee mmoja wala na ofisi moja Dar es Salaam. Wanafunzi wa idara za fasihi tunarudi makwetu kila likizo: Kasulu, Kibondo, Ujiji, Uvinza, na sisi wa mwambao. Badala ya kuja na dodoso la kuuliza idadi ya methali, tuulize pia kama babu ana kijitabu. Tusikinunue wala kumnyang'anya. Tukinakili kwa mkono au kwa picha, pembeni mwake pamoja na katikati yake. Tuandike kilisomwa wapi, mbele ya nani, kwa lugha gani kikabishiwa. Nakala moja ya kazi hiyo ibaki kijijini, nyingine iende Kavazi. Na tuifanye mapema, kwa sababu mchwa wa Kagunga hawasubiri idhini ya utafiti, na wazee walioshika penseli ile mwaka 1973 hawapo wengi.